Medigap kwa mzee aliye Marekani: kuichagua, kuikata, na miezi sita ya kuikatia

Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, hailipi kila kitu, na kile inachomwachia mgonjwa hakina kikomo. Kwa huduma za daktari inalipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinisha. Asilimia 20 inabaki kwako, iwe ni dola 30 za kupimwa presha au dola 30,000 za upasuaji. Medigap ni bima ya kampuni binafsi inayoziba pengo hilo. Haichukui nafasi ya Medicare: Medicare inalipa kwanza, Medigap inamalizia.

Mwongozo huu ni kwa wazee wetu walioko Marekani na kwa watoto wao, ambao kwa kawaida ndio wanaojaza fomu na kupokea simu. Viwango vya dola humu ni vya 2025 isipokuwa pale tulipotaja mwaka mwingine. Hupanda karibu kila Januari: ada ya mwezi ya Sehemu B ilikuwa dola 185 mwaka 2025, ikawa 202.90 mwaka 2026.

Kwanza hakikisha mzee ana A na B

Medicare ina Sehemu A, inayohusu kulazwa hospitalini, na Sehemu B, inayohusu madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Kampuni haiwezi kukuuzia Medigap kama huna zote mbili. Wahamiaji wengi wanakwama hapa, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Sehemu A ni bure kwa aliyefanya kazi inayokatwa kodi ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, hadi akafikisha alama 40, yaani takriban miaka kumi. Mwaka 2025 alama moja ilipatikana kwa mapato ya dola 1,810, na kwa mwaka mtu hawezi kupata zaidi ya nne. Alama za mume zinamfaa mke na za mke zinamfaa mume, mradi mwenye alama amefika miaka 62 na ndoa ina mwaka mmoja au zaidi. Alama za mtoto hazimfai mzazi hata kidogo. Mtoto awe amefanya kazi miaka thelathini Houston au Columbus, mama aliyemleta kwa grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, bado anahesabiwa hana kitu.

Mzee kama huyo hajafungiwa mlango. Akiwa na grinikadi na ameishi Marekani miaka mitano mfululizo, anaweza kujiandikisha na kulipia. Sehemu A humgharimu dola 518 kwa mwezi akiwa na alama chini ya 30, au 285 akiwa na alama 30 hadi 39. Ongeza za Sehemu B. Familia nyingi zikiiona hesabu hiyo huchukua B peke yake, kisha hushangaa kila kampuni ya Medigap inapowakataa. Wenye B pekee hawauziwi. Safari ndefu za nyumbani nazo zinaweza kuvunja ule mfululizo wa miaka mitano, kwa hiyo tunza tarehe za kutoka na kuingia.

Waliokuja kama wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi, wasichelewe kuomba grinikadi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliondoa hali ya ukimbizi peke yake kuwa msingi wa kupata Medicare. Aliyekuwa tayari anaitumia kwa msingi huo alipewa miezi 18 tangu siku hiyo.

Kabla ya kutoa hata senti, angalia kama unaihitaji

Mzee mwenye kipato kidogo huenda hahitaji Medigap kabisa. Upo mpango unaoitwa QMB, unaoendeshwa na jimbo kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Unalipa ada ya Sehemu B, unalipa hata ada ya Sehemu A kwa asiye na alama, na mtoa huduma wa Medicare haruhusiwi kumdai mzee ile asilimia 20. Mwaka 2025 kikomo cha kipato kilikuwa dola 1,325 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 1,783 kwa mume na mke, na akiba isizidi 9,660 kwa mmoja au 14,470 kwa wawili. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Majimbo kadhaa yana vikomo vya juu zaidi. Anayepata QMB pia hupata moja kwa moja msaada wa kulipia dawa.

Tumeona wazee wakilipa Medigap kila mwezi huku wanastahili QMB, kwa sababu tu wakala aliyewahudumia hana kamisheni kwenye QMB. Ulizia hili kwanza.

Miezi sita, na inaanza lini

Dirisha lako la kukata Medigap bila kuulizwa habari za afya ni miezi sita. Linafunguka mwezi wa kwanza ambao una miaka 65 au zaidi na Sehemu B yako imeshaanza. Ndani ya dirisha hilo kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, presha, saratani au figo. Kinachoruhusiwa ni kukuwekea muda wa kusubiri wa hadi miezi sita kwa ugonjwa uliokuwa nao, na muda huo hupunguzwa, hata kufutwa, ukionyesha kwamba ulikuwa na bima nyingine na hukukaa zaidi ya siku 63 bila bima. Kwa hiyo omba barua ya uthibitisho kutoka kwenye bima ya zamani kabla haijakwisha.

Likifungwa, katika majimbo mengi kampuni ina haki ya kukuuliza maswali ya afya na kukukataa moja kwa moja. New York na Connecticut huruhusu kununua wakati wowote, na majimbo machache mengine yana nafuu zao. California, kwa mfano, humpa mwenye Medigap nafasi ya kuhamia mpango unaolingana au ulio mdogo zaidi kila mwaka kuanzia siku yake ya kuzaliwa. Kwingineko usitegemee huruma.

Makosa ya tarehe ni haya.

Oktoba 15 hadi Desemba 7 televisheni hujaa matangazo ya kubadilisha Medicare. Msimu huo ni wa mipango ya dawa na ya Medicare Advantage, njia ya kampuni binafsi tutakayoieleza mbele. Hauihusu Medigap. Mtu anayesema "nitakata Oktoba" huku miezi yake sita inakwisha Mei ameshaikosa.

Wazee wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi wowote huanza Medicare mwezi mmoja kabla. Kwa hiyo mwenye Januari 1, 1961 alianza Desemba 1, 2025, na akiwa alichukua B siku hiyo, dirisha lake linafungwa mwisho wa Mei 2026. Usihesabu kwa kichwa. Soma kadi ya Medicare, ile ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu: upande wa mbele, chini ya namba, kuna tarehe mbili, ya A na ya B. Hesabu yako inaanzia ile ya B.

Anayefanya kazi bado na ana bima ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anaweza kuiahirisha Sehemu B bila adhabu, na hilo huliacha dirisha la Medigap likiwa halijaguswa. Akiichukua B "iwepo tu" akiwa na miaka 65, miezi sita inaanza kwenda wakati haihitaji, na anapostaafu miaka miwili baadaye haipo tena. Kuna haki nyingine inayoweza kumwokoa akipoteza bima ya mwajiri, ya siku 63, ila ina masharti yake na haigusi kila mpango. Mwenye mwajiri mdogo, wa wafanyakazi chini ya 20, asiahirishe: kwake Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza. COBRA, ile bima ya kujilipia baada ya kuacha kazi, haihesabiwi kama bima ya kazini. Aliyeitegemea akaacha B hupigwa adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 iliyopita, na huilipa muda wote awapo na Sehemu B.

Kwa mzazi aliyesubiri miaka mitano ya grinikadi, dirisha halikufunguka alipotimiza 65. Linafunguka B yake inapoanza, hata kama ana miaka 74. Ni habari njema ambayo wachache wanaijua.

Herufi ndiyo bidhaa

Mipango ya Medigap hupewa herufi: A, B, D, G, K, L, M na N. C na F zipo kwa waliofikia sifa za Medicare kabla ya Januari 1, 2020 tu. Usichanganye herufi za mipango na Sehemu za Medicare; Mpango A si Sehemu A.

Sheria inataka kila herufi iwe na mafao yaleyale popote iuzwapo. G ya kampuni ya dola 120 na G ya kampuni ya dola 210 hulipa vitu vilevile, kwa madaktari walewale, yaani daktari yeyote nchini anayepokea Medicare. Jina la kampuni halinunui matibabu bora. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mifumo yao isiyotumia herufi hizi, kwa hiyo aliye Minneapolis aulize mpango wa msingi na ule wa msingi uliopanuliwa.

Kwa anayeanza leo, mjadala wa kweli ni G au N.

G inalipa kila kinachobaki kwenye huduma zinazokubaliwa na Medicare isipokuwa kizingiti cha Sehemu B, yaani kiasi cha kwanza unachotoa mfukoni kwa mwaka kabla bima haijaanza kulipa: dola 257. N inaacha vitu viwili zaidi: hadi dola 20 kwa baadhi ya ziara za daktari na hadi 50 kwa chumba cha dharura usipolazwa, tena hailipi nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaweza kukutoza. Katika majimbo kama Ohio, Pennsylvania na Massachusetts nyongeza hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo hofu hiyo haipo.

Piga hesabu hivi: kama G inaizidi N kwa dola 30 kwa mwezi, tofauti ni 360 kwa mwaka, sawa na ziara 18 za dola 20. Mzee anayemwona daktari mara sita kwa mwaka anafaidika na N. Mwenye moyo, figo na macho, anayezunguka kwa wataalamu watatu, achukue G. K na L hulipa nusu na robo tatu tu, zikiwa na kikomo cha unachotoa mfukoni kwa mwaka cha dola 7,220 na 3,610. Ipo pia G ya kizingiti kikubwa, ambayo hailipi hadi umetoa dola 2,870. Ada yake ni ndogo, na inamfaa mwenye akiba ya kiasi hicho iliyokaa benki kweli, si ya kuahidiwa na watoto.

Hiki ndicho kinachotokea pasipo Medigap. Mzee analazwa siku tano kwa upasuaji wa moyo, kisha anapelekwa kituo cha uuguzi siku 35 kufanya mazoezi ya kurudisha nguvu. Kizingiti cha Sehemu A ni dola 1,676. Madaktari na huduma za Sehemu B zimeidhinishwa dola 30,000: anatoa 257, kisha asilimia 20 ya zilizobaki, yaani 5,948.60. Kituo cha uuguzi ni bure siku 20 za kwanza, halafu dola 209.50 kwa siku, mara siku 15: 3,142.50. Jumla ni 11,024.10. Akiwa na G, analipa 257.

Vipo viwili vya kuangalia hapo. Kizingiti cha Sehemu A si cha mwaka. Kinarudi kila mzee anapolazwa upya baada ya kukaa siku 60 nje ya hospitali na kituo cha uuguzi, kwa hiyo kinaweza kumpata mara mbili au tatu kwa mwaka. Na Medicare hailipi kituo cha uuguzi mpaka mgonjwa awe amelazwa rasmi siku tatu. Kukaa kitandani "chini ya uangalizi" hakuhesabiwi, na Medicare ikikataa, Medigap nayo haina cha kumalizia. Muulize muuguzi siku ya kwanza: amelazwa au anaangaliwa?

Kutafuta bei na kujaza fomu

Anza miezi mitatu kabla ya B kuanza. Kwenye Medicare.gov kuna sehemu ya kutafuta Medigap. Weka msimbo wa posta, umri, jinsia, na kama mzee anatumia tumbaku. Utaona kampuni zinazouza herufi uliyochagua. Chukua tatu au nne, piga simu, na uliza maswali haya kwa kila moja: bei inapangwa kwa njia gani, imepanda kwa asilimia ngapi kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, na kuna punguzo kwa watu wawili wa nyumba moja?

Swali la kwanza ni zito kuliko bei yenyewe. Kuna kampuni zinazotoza watu wote bei moja bila kujali umri, zinazotoza kwa umri uliokuwa nao siku ya kukata, na zinazopandisha kadiri unavyozeeka. Za namna ya tatu huwa rahisi sana ukiwa na 65 na huuma ukifika 80, wakati huo afya haikuruhusu kuhama. Zote zinaweza kupanda kwa sababu ya mfumuko wa bei.

Medigap hukatwa kwa mtu mmoja mmoja. Baba na mama ni fomu mbili, kadi mbili, ada mbili.

Kwenye fomu utahitaji namba ya Medicare yenye tarakimu na herufi 11, pamoja na zile tarehe mbili za kwenye kadi. Weka tarehe ya kuanza iwe sawa na ya Sehemu B. Mahali panapouliza kama uko ndani ya kipindi cha wazi cha kujiandikisha, weka alama ya ndiyo, kisha ruka kurasa za maswali ya afya kama fomu inavyoelekeza. Watu huzijaza kwa uaminifu wao, na ombi linaingia kwenye foleni ya kuchunguzwa afya bila sababu. Hundi ya kwanza iandikwe kwa jina la kampuni, kamwe si la wakala, na usitoe fedha taslimu hata kama wakala ni mtu wa kanisani au msikitini kwenu.

Ukipokea hati una siku 30 za kuisoma. Usiporidhika, rudisha na fedha zako zinarudi.

Dawa za kumeza hazimo. Medigap zote zilizouzwa tangu 2006 hazina dawa, kwa hiyo kata Sehemu D, bima ya dawa ya Medicare, kando. Mwaka 2025 mgonjwa hakutakiwa kulipia dawa za orodha yake zaidi ya dola 2,000. Meno, miwani, vifaa vya kusikia na kulelewa nyumbani au kwenye makao ya wazee kwa muda mrefu pia havimo.

Ile mipango ya ada sifuri

Medicare Advantage ni njia nyingine: kampuni binafsi inaziendesha A na B kwa niaba ya serikali, mara nyingi bila ada ya ziada, ikiongeza meno na miwani. Kinachokubana ni mtandao maalumu wa madaktari, kuomba kibali kabla ya matibabu mengi, na kikomo cha unachotoa mfukoni kwa mwaka kilichoweza kufika dola 9,350 mwaka 2025. Huwezi kuwa nayo pamoja na Medigap. Ni kinyume cha sheria kumuuzia Medigap mtu anayebaki Advantage. Si mbaya kwa kila mtu. Ubaya wake ni kwamba kuingia ni rahisi na kutoka kwenda Medigap baada ya miezi sita kupita ni kazi. Aliyeingia Advantage alipotimiza 65 ana miezi 12 ya kujaribu, na akijitoa ndani yake ana haki ya kupata Medigap bila maswali ya afya. Andika tarehe hiyo ukutani.

Anayebisha hodi bila kualikwa akiuza Advantage anavunja kanuni za Medicare. Usimpe namba ya kadi.

Mzee akienda nyumbani

Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Mipango C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ugenini, baada ya kizingiti cha dola 250, kwa dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na isizidi dola 50,000 maishani. Bibi anayekwenda Mwanza au Kisumu kwa miezi minne anakuwa hana kinga nusu ya pili ya safari. Akatiwe bima ya safari inayoanzia siku ya 61. Hospitali za nyumbani zitataka fedha kwanza, kwa hiyo alipe, achukue risiti na ripoti ya daktari kwa Kiingereza, kisha adai akirudi.

Hatari kubwa zaidi ni bili. Asiyepokea Social Security hukatiwa bili ya posta: kila miezi mitatu kwa B pekee, kila mwezi kama analipia na A. Bibi yuko kijijini, bahasha zinalala Dallas, Medicare inafutwa, na Medigap inaanguka nayo. Mwandikishe kwenye Medicare Easy Pay ili benki ilipe yenyewe, kabla hajakata tiketi.

Mtoto anayetaka kuzungumza na Medicare kwa niaba ya mzazi apeleke fomu CMS-10106 yenye saini ya mzazi; bila hiyo hawatamwambia kitu. Simu ya Medicare ni 1-800-633-4227, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Kwa ushauri wa mtu asiyeuza chochote, tafuta ofisi ya SHIP ya jimbo lako kwa 1-877-839-2675. California inaitwa HICAP, Florida SHINE. Nenda na kadi ya Medicare, grinikadi, na orodha ya dawa.

Mzee mwenye Medigap anayetaka kuhamia kampuni nyingine asifute ya zamani hadi hati mpya imefika mkononi na tarehe yake ya kuanza imepita. Atalipa ada mbili kwa mwezi mmoja, na zile siku 30 za kusoma hati zinampa nafasi ya kurudi nyuma.